Yule mtumishi wa shamba aliomba mbolea



Somo letu linatoka katika Injili ya Luka, sura ya 13, tangu mstari wa 6 hata wa 9. Mfano huu mnaujua. Mtu alikuwa na mtini katika shamba lake, miaka mitatu akaja kutafuta matunda asione kitu, akataka ukatwe. Mtumishi wa shamba akasimama kuutetea ule mti. Akaomba mwaka mmoja tena, apate kuchimba kandokando yake na kuutilia mbolea.

Angalieni vizuri maombi yake. Hakuomba mwujiza, wala hakusema malaika ashuke kuamsha mizizi. Aliomba jembe, mbolea na muda. Tumesikia mahubiri mengi juu ya mfano huu. Karibu yote yanasimama kwenye hasira ya mwenye shamba ao kwenye huruma ya mtumishi, na ile mbolea wahubiri wanairuka kama mtu anayeruka matope njiani. Leo hatutairuka. Tena hatuoni haya kuandika juu ya mavi ya mbuzi katika karatasi ya kanisa, kwa kuwa Bwana wetu hakuona haya kuyataja mbele ya makutano.

Sababu ya kusema maneno haya mnaiona kwa macho yenu. Wengi wenu katika Beni, Mambasa na Irumu mnaishi kwa kakao. Wazazi wetu waliishi kwa kahawa, lakini katika miaka ya 1980 na 1990 ule ugonjwa wa kunyauka, unaoitwa trakeomikozi, uliikausha kahawa shamba kwa shamba. Baada ya mwaka 2000 kakao ikaenea. Mwaka 2024 bei ilipanda ginsi haijapanda zamani, tani moja ikapita dola 10,000 katika soko la New York, na kila mtu mwenye panga akaingia porini. Miti mikubwa ikaanguka. Mwaka 2025 bei ikashuka tena, lakini ile miti haikusimama tena pamoja nayo.

Kakao si mti wa jua kali. Asili yake ni Amazonia, kule Amerika ya Kusini, inakoota chini ya miti mirefu. Ukiilima katika jua tupu, na ukiinunulia mbolea nyingi, itazaa upesi miaka ya kwanza, kisha itachoka mapema, na udongo utachoka pamoja nayo. Chini ya kivuli cha kadiri inaishi miaka mingi, udongo unalinda maji, na majani yanayoanguka yanakuwa chakula chake. Tunasema kivuli cha kadiri, maana kivuli kizito kupita kiasi kinaleta unyevu, na unyevu unaleta ule uozo mweusi wa maganda mnaoujua sana. Tena kuna sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayokataa kakao iliyotoka katika shamba lililokatwa porini baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Hatukuandika sisi sheria ile, na wengine wenu wanaona ni uzito juu ya maskini. Lakini mwenye kukata pori leo kwa ajili ya kakao anajifungia mlango wa soko lile kwa mkono wake mwenyewe.

Basi miti ya kivuli inarudishwa. Katika vitalu vyetu, vile ambavyo wengi mnaviita pepinieri, kuna limba, mvule, albizia, glirisidia, inga, gravilea, na miti ya kula kama safu na avoka. Sasa tunafika kwenye mashindano. Tumesikia mkisema: mbolea iwekwe kwa kakao tu, ndiyo inayoleta feza, hii miti ya kivuli itajitafutia chakula kama ile ya porini.

Tufanye hesabu pamoja. Ukipanda kakao mita 3 kwa mita 3, hektari moja inapata miti 1,111. Ukipanda miti ya kivuli mita 12 kwa mita 12, hektari ile ile inapata karibu 70. Ni mti mmoja kwa kila miti 16 ya kakao. Sashe moja inabeba lita 2 za udongo hivi. Kama fungu moja katika mafungu matano ni mbolea iliyoiva, sashe 70 zinataka lita 28: bidoni ya lita 20 moja na nusu, haipiti hapo. Mnataka kunyima miti 70 bidoni moja na nusu ya mavi ya mbuzi yaliyooza, miti itakayofunika kakao yenu na ya watoto wenu? Mtu wa namna hiyo anakula mbegu yake na kulalamika juu ya mvua.

Na lile neno la kwamba mti wa porini unajitafutia si kweli yote. Porini mbegu elfu zinaanguka ili mmoja uwe mti, na ule mmoja unakuta udongo mweusi wa majani yaliyooza miaka mingi, na zile nyuzi nyembamba za uyoga zinazosaidia mizizi kunywa. Katika sashe hakuna kitu hicho, isipokuwa mkiweka ninyi. Sashe ni gereza dogo. Mfungwa anakula kile anacholetewa.

Wengine wanasema: tumeombea maji, maji yale yanatosha. Wandugu, tunaombea maji na hatutaacha kuyaombea. Lakini mama anayemwombea mtoto wake asubuhi anampikia ugali mchana, na hakuna mtu katika kanisa anayesema imani yake ni ndogo.

Tuseme basi ginsi ya kulisha. Udongo wa juu mafungu 3, mchanga fungu 1, mbolea iliyoiva fungu 1. Kama udongo wenu tayari ni wa mchanga, acheni ule mchanga. Udongo wa juu uwe wa chini ya miti, wenye giza, uchekechwe kutoa mawe na mizizi.

Neno kubwa hapa ni iliyoiva. Mavi mabichi yanaunguza. Ya kuku ndiyo makali kupita yote, hayafai kabla ya miezi mitatu hivi ya kuoza; ya mbuzi na ya ng'ombe ni ya upole zaidi, lakini nayo yaoze. Fanyeni lundo lenye kimo cha kiuno: majani mabichi, majani makavu, mavi, tena majani, maji kidogo, na mlifunike kwa majani ya ndizi. Ndani litapata moto hata mkono usivumilie. Moto ule ni mzuri, unaua mbegu za magugu na magonjwa mengi. Mligeuze kila majuma mawili. Siku mkichimba katikati mkakuta ubaridi, rangi nyeusi na harufu ya pori baada ya mvua, limeiva. Kama kuna mashaka, pandeni lengalenga katika kopo moja la mbolea ile. Zikiota kijani baada ya juma moja, tumieni. Zikiungua ao zikikataa, ngojeni.

Yale majani chungu ya maua ya njano, tithonia, yanayojaza kandokando ya barabara zetu, ni utajiri unaokanyagwa na mbuzi. Yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi, tena yanaoza upesi. Katieni ndani ya lundo. Maganda ya kakao nayo yana potasiamu nyingi, lakini yaozeshwe mbali na kitalu, maana ganda bichi linabeba ule uozo mweusi. Majivu ya jikoni ni mazuri kidogo kidogo. Msiyachanganye na mavi mabichi wala na urea, kwa kuwa yanafukuza ile naitrojeni hewani, nanyi mtaisikia kwa pua ikiondoka.

Sasa tunataka kusimama kidogo juu ya jambo lililotuumiza. Jina la mahali tunaliacha.

Katika kitalu kimoja, siku ya posho, kijana mwenye bidii alinunua mfuko wa urea. Hakuna aliyemfundisha. Akatia konzi moja katika kila sashe, ikiwa kavu, juu ya shina. Siku ya Yenga mama mmoja mjane, mzee, alipita kando ya kitalu na kuni zake kichwani. Siku iliyofuata majani yalikuwa ya rangi ya kahawia, yamejikunja kwenye ncha kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Usiku ule katika maombi mtu akatoa neno: ameona mkono wa mwanamke mzee. Kabla jua halijatoka watu walikuwa wamesimama mbele ya nyumba ya yule mama, na wengine walikuwa na mawe.

Wazee wa kanisa walifika kwa wakati, Mungu asifiwe. Hawakuanza na mahubiri. Walikwenda kitalu pamoja na makutano yale, wakapasua sashe moja mbele ya watu. Punje nyeupe zilikuwa bado zimekaa shingoni mwa mche, na mizizi midogo imekuwa laini, ya kahawia. Kisha wakaonyesha mistari miwili ya mwisho. Ilikuwa kijani, yenye afya. Mfuko wa urea ulikuwa umekwisha kabla ya kufika pale. Mzee mmoja akauliza: ni mlozi gani anayehesabu mistari na kuacha ile ambayo mbolea haikuifikia? Hakuna aliyejibu.

Mnajua makayabo. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya nyama ya samaki mpaka inakauka. Mbolea ya dukani ni chumvi ya namna yake. Ikiwa kidogo ndani ya maji mengi, mzizi unaikunywa. Ikiwa nyingi, yenyewe inakunywa maji ya mzizi. Hapo mti unakufa kwa kiu hata kama udongo umelowa. Ulozi haupo katika habari hii. Kuna gramu 30 ao 40 mahali palipotaka sehemu ndogo ya gramu moja.

Tunaamini kwamba Roho anasema na kanisa. Tena Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anatuagiza kuzijaribu roho kabla ya kuziamini. Kuzijaribu ni pamoja na kuchimba sashe na kuangalia. Neno linaloelekeza jiwe kwa mjane, na ambalo mwenye kulitoa hataki lipimwe, hatuwezi kulipokea kama neno la Mungu, hata likitoka kinywani mwa mtu aliyefunga siku arobaini. Yule aliyelitoa alipelekwa kwa mama yule kuomba msamaha mbele ya majirani, na vijana wakamtengenezea paa. Sehemu ya ile miti iliokolewa: waliondoa punje kwa mkono, wakamimina maji safi mara nyingi mpaka yakatoka chini ya sashe, wakaongeza kivuli. Mingine ilikufa.

Kama mnatumia NPK, 17-17-17 ndiyo inayopatikana, basi gramu 20 hivi, ni kusema vijiko vinne vidogo, katika lita 10 za maji. Koroga mpaka iyeyuke. Lita 10 zile zinatosha sashe 200. Anza miche ikiwa na majani ya kweli jozi mbili ao tatu, si mapema. Mwagilia asubuhi, juu ya udongo uliokwisha kulowa, kisha pitisha maji safi juu ya majani. Rudia baada ya majuma mawili, kama rangi ya majani inadai. Kama ni kijani kizuri, acheni. Na ninyi mlioandikwa katika orodha ya kakao ya bio, msiilete kabisa mbolea hii shambani wala kitaluni, maana mtapoteza sertifika, na jirani zenu wataingia taabuni pamoja nanyi. Kwenu kuna maji ya mavi: gunia dogo la mavi yaliyooza ndani ya pipa la maji, siku 10 ao 14, kisha kuongeza maji mpaka yafanane na chai isiyokolea. Yananuka. Vumilieni.

Miti haili sawasawa. Glirisidia, albizia, inga, kaliandra ni ndugu za maharagi. Katika mizizi yake kuna vinundu vidogo, na ndani yake vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewa na kumpa mti. Mkate kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu-chekundu ndani, kazi inaendelea, kikiwa cheupe ao cha kijani, bado ao kimechoka. Sasa, mkimwagia mti huu naitrojeni nyingi, unaacha kutengeneza vinundu. Kwa nini afanye kazi, na chakula kinaletwa mlangoni? (Tunajua nyumba fulani zenye vijana wa namna hiyo.) Kwa miti hii msizidishe mbolea, ila chukueni konzi ya udongo chini ya mti mzee wa aina ile ile, mchanganye katika udongo wa kitalu, ili vijidudu vije navyo. Limba, mvule na gravilea hazina vinundu hivyo. Hizo ndizo zinazotegemea sana bidoni yenu moja na nusu.

Kuna hatari nyingine inayofanana na baraka. Mche uliolishwa sana unakwenda juu upesi, laini, majani mapana, na wageni wanasifu. Ukiuvuta unakuta mizizi kidogo tu. Wadudu wanapenda ulaini ule, na jua la kwanza la shambani linaumaliza. Kumbukeni ule mmea wa Yona, uliota usiku mmoja ukampa kivuli, kesho yake alfajiri mdudu akautafuna. Kwa hiyo, mwezi mmoja hivi kabla ya kupanda, simamisheni mbolea yote. Punguzeni maji kidogo kidogo, fungueni kivuli cha kitalu sehemu kwa sehemu, mpaka miche izoee jua. Itasimama kukua na rangi itakuwa nzito kidogo. Vijana wataleta manunguniko kwamba miti inateswa. Waelezeni kwamba shina linakuwa gumu, na mizizi inajitayarisha.

Tunajua neno lililo chini ya maneno yote. Tangu Oktoba 2014 damu imemwagika katika teritwari ya Beni, kisha Irumu na Mambasa, na wengi waliuawa wakiwa shambani mwa kakao. Wengine wenu mnasoma karatasi hii katika makambi. Mnatuuliza: tutalisha miti kwa ajili ya nani? Ni nani atakayeketi chini yake?

Hatuna jibu jepesi, na hatutamtuma mtu yeyote arudi mahali pa kifo kwa ajili ya mti. Uzima wenu ni wa kwanza. Lakini someni Mwanzo 21, mstari wa 33. Ibrahimu alipanda mti kule Beer-sheba, naye alikuwa mgeni katika nchi, hana hata kiwanja cha kaburi. Someni Yeremia 29, ginsi watu waliopelekwa Babeli walivyoagizwa kupanda bustani katika nchi ya uhamisho. Mti ulio katika sashe una jambo moja zuri: unabebwa. Mama mmoja anaweza kuweka sashe kumi katika beseni na kutembea nazo. Kambini inatosha kivuli cha majani ya ndizi, maji yaliyooshewa vyombo yasiyo na sabuni nyingi, na mavi ya mbuzi wa jirani. Ila msiiache ndani ya sashe kupita msimu, kwa sababu mzizi ukifika chini unajizungusha kama kamba, na mti wa namna hiyo utaanguka baadaye hata ukiwa mkubwa. Mkiona umezunguka, kateni sehemu ile iliyojipinda kwa wembe siku ya kupanda.

Mbegu zilizoingia kitaluni mwezi wa 4 na wa 5 zinatoka kwa mvua za mwezi wa 9. Wajane watachagua kwanza, kisha waliohamishwa na vita ambao wamepewa ardhi na wenyeji, kisha sisi wengine. Kila mtu alete kikapu chake. Mashimo yachimbwe majuma mawili mbele, udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine, na konzi mbili za mbolea iliyoiva zichanganywe na ule wa juu kabla ya kurudishwa. Sashe ya plastiki ipasuliwe na kuondolewa yote, isizikwe pamoja na mizizi. Tutazikusanya getini mwa kanisa.